Mzee Tanuri hakuwahi kuomba likizo

Karatasi ile ilinikuta nina unga hadi viwikoni. Ilikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, muda ambao bekari hutulia kidogo: mikate ya alfajiri imeshakwenda madukani, ya jioni haijaanza kukandwa. Kijana aliyeileta alinisainisha kwenye nakala yake, akaondoka na bodaboda yake. Nikaisoma nimesimama. Fomu namba moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi ambayo watu wanaiita CMA tu. Mlalamikaji alikuwa fundi wetu wa tanuri. Madai yake: kuachishwa kazi isivyo halali, na malimbikizo ya likizo.

Hilo la kuachishwa kazi lilinichoma kidogo, kwa sababu moyoni nilijua kuna jambo. La likizo lilinichekesha. Nilimgeukia dada wa kaunta nikamwambia, "Likizo? Huyu mzee tangu nimjue hajaomba likizo hata siku moja!" Nilisema kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Kumbe nilikuwa nimemtolea yeye ushahidi.

Bekari niliirithi kwa mama yangu, hapa Morogoro. Aliianza na tanuri la kuni uani kwake, na Mzee Tanuri ndiye aliyekuwa fundi wake wa kwanza. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaani, likamganda. Nilipoichukua kazi mwaka 2014 nilimkuta, na yeye ndiye aliyenifundisha kuusikiliza mkate: ulioiva ukiugonga kwa chini unalia kama debe tupu. Aliniita "mwanangu". Mshahara nilimlipa kila mwisho wa mwezi bila kumzungusha, sikukuu nilimpa mchele na kuku, akienda kwao Mahenge nilimpa nauli. Kwa hesabu zangu nilikuwa mwajiri mwema, na ile nauli ndiyo niliyokuwa naiita likizo.

Mkate hauna msimu wa kulala. Ramadhani ikiingia oda zinaongezeka, Desemba watu wanataka skonzi, shule zikifunguliwa kila mama anataka mkate wa asubuhi. Kila nilipoitazama kalenda sikuona mwezi wa kumwachia mtu aende. Na kwa upande wa tanuri ndiyo kabisa, maana anayelijua alikuwa mmoja. Akikosekana siku mbili tu, tunauza mikate iliyoungua upande mmoja na wateja wanatutania.

Mwaka 2018 mzee alianza kukohoa. Alikwenda hospitali akarudi na ED, cheti cha daktari cha kumpumzisha kazi, ya siku saba, kisha nyingine ya wiki mbili, kisha nyingine. Nilizipokea zile ED nikazibana chini ya mizani ya unga, na siku hizo sikumlipa. Sikuona kama nimekosea. Mtu hajafanya kazi, mshahara wa nini? Nilimpelekea matunda nyumbani, nikamwambia, "Mzee, pumzika, ukipona utarudi." Aliporudi baada ya wiki saba alimkuta kijana mpya amesimama mbele ya tanuri. Sikumfukuza, wala sikutamka neno lolote la kumfukuza. Nilimwambia asubiri kwanza tuone. Alisubiri siku tatu kwenye benchi la nje. Siku ya nne hakuja.

Shemeji yake ndiye aliyemwambia kwamba kwa mtu aliyeachishwa kazi mlango wa CMA uko wazi siku 30 tu, asije akakaa nyumbani kulalamika mpaka siku zikaisha. Kwa madai mengine ni siku 60. Mimi hayo niliyajua baadaye.

Siku ya kuitwa nilimkuta koridoni amevaa shati lake la Ijumaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu bila kunitazama, "Marahaba, bosi." Miaka yote hiyo nilikuwa mwanangu. Siku hiyo nikawa bosi.

Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kalamu mbili. Alituambia kazi yake si kuhukumu, ni kutusaidia tuelewane, na tukishindwa shauri litakwenda kwa mwamuzi. Kisha akaniuliza mkataba wa mzee uko wapi. Nikasema tulikubaliana kwa maneno, tena na marehemu mama. Akauliza kumbukumbu za likizo. Nikatoa daftari langu la kaunta, jembamba, jalada limelowa mafuta. Humo kuna nani amekopa mikate mingapi, bei ya hamira, namba ya fundi umeme, na ukurasa mmoja umeandikwa "Mzee T nauli 20,000".

"Alikwenda siku ngapi?"

Sikukumbuka.

"Alilipwa mshahara wa siku hizo kabla hajaondoka?"

Hapana, alilipwa mwisho wa mwezi.

"Ulimpangia wewe aende, au alikuwa na jambo lake?"

Alikuwa na msiba wa dada yake. Na hapo nikakumbuka, na sikulisema, kwamba siku ya tatu ya msiba ule nilimpigia simu kumuuliza kuni anaziweka vipi siku ya mvua, kisha nikamwomba kama anaweza kuwahi kurudi. Aliwahi.

Nilijaribu kujitetea. Nikasema yeye ndiye anayedai, basi alete ushahidi kwamba hakupewa likizo. Yule mama aliweka kalamu zote mbili mezani. Akanieleza taratibu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi na ayatunze. Shauri likifika mbele na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha unamwangukia yeye. Yaani mzee akisema, "Sikupewa likizo miaka kumi," kazi ya kuonyesha kwamba alipewa ni yangu. Na mimi nilikuwa na daftari la hamira.

Niliporudi nyumbani nilimwomba mdogo wangu anitafutie hiyo sheria, tukaisoma usiku mezani. Kilichonizuia usingizi ni jinsi kifungu cha likizo ya mwaka kilivyopangwa. Mwajiri ndiye anayeamriwa ampe mfanyakazi likizo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila miezi kumi na miwili. Hakuna mahali pameandikwa "mfanyakazi akiomba". Mimi nilikuwa nimekaa nasubiri niombwe kitu ambacho sheria imenituma nikitoe. Na mfanyakazi gani wa kuniomba? Mzee alikuwa anaona kama mimi navyoona: tanuri ni moja na yeye ni mmoja. Aliona haya kuomba. Ukimya wake nikaufanya faida yangu.

Sheria haimnyimi mwajiri nafasi ya kupumua. Mimi ndiye ninayepanga likizo itolewe lini, kwa hiyo Ramadhani naweza kusema hapana. Lakini hiyo "hapana" ina mwisho: miezi sita baada ya mzunguko wa mwaka kwisha, mtu awe amekwenda. Naweza kufika miezi kumi na miwili pale tu mfanyakazi amekubali na kazi yenyewe inadai hivyo kweli. Malipo ya siku za likizo anapewa kabla ya kuondoka, maana mtu haendi Mahenge kwa ahadi. Na akiwa likizo siruhusiwi kumfanyisha kazi. Sheria haikuitaja simu ya kuuliza kuni, ila nadhani tunaelewana. Sikukuu za taifa zikiangukia ndani ya siku 28, zinahesabika humo humo, jambo ambalo kila mwaka mtu mmoja hulibishia.

Kisha nikafika kwenye ugonjwa. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mfanyakazi anachotakiwa kuleta ni cheti cha daktari. Mzee aliumwa wiki saba, ambazo ni siku 49. Hata kwenye nusu mshahara hakufika. Na vyeti aliniletea vyote, viko chini ya mizani.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria aliniambia ninayo njia ya kubishania ile miaka ya nyuma. Kuna kifungu kinachosema mfanyakazi ambaye hakuchukua likizo ndani ya muda uliowekwa anaweza kukosa malipo yake anapoondoka. Huenda angenipunguzia deni. Lakini ili nikitumie ningelazimika kukaa mbele ya mzee na kusema: ni kweli sikukupangia, na kwa kuwa hukwenda, imekula kwako. Nilijaribu kuisema ile sentensi peke yangu bafuni. Haikutoka.

Tulimaliza kwa msuluhishi, siku ya kikao cha pili. Mshahara wa siku za ugonjwa, notisi, kiinua mgongo, kiasi tulichokubaliana cha likizo, na cheti cha utumishi. Nilipe kwa awamu tatu. Nilimwuliza kama angependa kurudi kazini, akasema kifua chake hakitaki tena moshi.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa muuzaji wa unga wa jumla pale Msamvu, nikamsimulia mwenzangu mmoja mwenye bekari yaliyonipata. Akacheka. "Wewe unakaa na watu miaka! Mimi nawachukua miezi mitano mitano. Wa sita haumkuti mtu. Likizo ataidai nani?" Ni kweli kwamba mtu asiyetimiza miezi sita hana likizo ya malipo. Lakini yule mwenzangu huwa anawarudisha walewale baada ya wiki mbili, na hiyo sheria imeshaiona: mtu akifanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, na jumla ikapita miezi sita, haki yake ipo. Nilimwambia. Akasema hao watu wake hawasomi sheria. Nikamjibu hata wangu hakusoma, alikuwa na shemeji.

Kubadilika hakukuwa jambo la karatasi kwanza, lilikuwa la tanuri. Niligundua kwamba sababu ya mzee kutopata likizo miaka yote ile haikuwa wateja wala Ramadhani. Ni uvivu wangu wa kutofundisha mtu wa pili. Kwa hiyo kijana mpya nilimwekea msaidizi, na msaidizi nikamwekea zamu mbili kwa wiki asimame mwenyewe hata kama mikate itaungua. Iliungua. Trei mbili nzima za kwanza tuliwapa majirani wenye kuku. Baada ya miezi mitatu nikawa na watu wawili wa tanuri, na hapo ndipo neno likizo likaanza kuwa na maana kwetu.

Sasa kuna chati ukutani, kando ya bei ya unga: jina, tarehe ya kuanza kazi, mwisho wa mzunguko, na tarehe ya mwisho kabisa ambayo lazima awe amekwenda. Hiyo safu ya mwisho nimeiandika kwa wino mwekundu, kwa ajili yangu mimi, si yao. Akienda anasaini fomu na kiasi alicholipwa. Mtu akiacha kazi katikati ya mwaka napiga hesabu ya siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 alizofanya kazi. Nilidhani namba hiyo wameitoa hewani, mpaka siku moja nilipokishika kikokotoo: 13 mara 28 ni 364.

Wa kwanza kwenda likizo kamili alikuwa dereva wa bajaji anayesambaza mikate. Hakutaka. Alidhani namfukuza kwa adabu, ikabidi nimwonyeshe jina langu nimelisaini chini ya tarehe yake ya kurudi. Wiki ya pili aliyemkaimu akaniuliza mbona kuna duka moja Mafiga tunalipelekea mikate arobaini na kila siku inarudi kumi na tano. Dereva wetu hakuwa mwizi. Alikuwa amezoea tu, mwenye duka ni rafiki yake, na mikate ya kurudi ilikuwa haimuumi yeye. Tukapunguza.

Misiba ndiyo inayonisumbua mpaka leo. Sheria inatoa siku nne za malipo kwa kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa, na kwa mtoto anayeugua au kufariki. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo. Mama mkwe hayumo. Aliyeandika orodha hiyo alikuwa na familia ndogo, au hakuwahi kuulizwa na wazee "ulikuwa wapi?" Kwetu baba mdogo ni baba. Kwa hiyo tumeafikiana hivi: msiba ulio nje ya orodha, mtu akiomba nampa siku mbili tatu za malipo, tunaziandika, na zinatolewa kwenye zile 28 zake. Sheria inaruhusu, mradi ni yeye aliyeomba. Kabla ya hapo mtu akifiwa na shangazi alikuwa ananiambia amefiwa na mama. Nina mfanyakazi mmoja aliyezika mama mara mbili.

Dada wa kaunta alipopata ujauzito alinificha mpaka miezi sita. Kule alikotoka tumbo lilipoonekana aliambiwa akajifungue kwanza, na alipokwenda kuulizia nafasi yake akaikuta ina mtu. Nilimwambia anipe barua na karatasi ya kliniki, miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, kama sheria inavyotaka, na kwamba ana siku 84 za malipo, wakiwa mapacha ni 100. Akauliza, "Na nafasi yangu, dada?" Nafasi yake ipo palepale, kwa masharti yaleyale. Alijifungua mmoja, akataka kurudi mwezi uleule kwa sababu alikuwa anachoka kukaa ndani. Nikamrudisha nyumbani. Kabla ya wiki sita simpokei bila daktari kuniandikia. Aliporudi alikuwa na haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na kwa kuwa anakaa Kihonda tulikubaliana aondoke saa mbili kabla ya wenzake. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa pia kwa ajili ya akina mama wa watoto njiti: siku zilizobaki kutimiza wiki 40 za ujauzito zinaongezwa kwenye likizo yao. Hilo halijatufika bado hapa bekari, ila liko kwenye faili.

Akina baba wana siku tatu tu, tena zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Binamu yangu mwenye duka Mombasa ananicheka kwa hilo, kwao baba anapata wiki mbili. Mimi namcheka kwa likizo ya mwaka, kwao ni siku 21, naye ananikumbusha kwamba zao ni siku za kazi, Jumapili hazihesabiwi. Mpaka tunakata simu hatujapata mshindi.

Awamu ya tatu ya mzee nilimpelekea mwenyewe nyumbani kwake, na kile cheti cha utumishi nimekichapisha kwenye karatasi nzuri. Alikuwa chini ya mwembe anachambua mchele. Alihesabu pesa, akaziweka chini ya kofia, kisha akasoma cheti neno kwa neno akiwa amekisogeza mbali na macho.

"Hapa umeandika nilianza 2001."

Nikamwambia ndivyo nilivyokadiria, mama hakuacha maandishi.

"Mimi nilianza mwaka wa mvua za El Niño. Mvua ndiyo iliyobomoa kibanda cha tanuri la mama yako, nikaitwa kulijenga. Nikabaki."

Hiyo ni 1997, au mwanzoni mwa 1998. Nilimwuliza ni ipi kati ya hizo. Akafikiri, akasema mahindi yalikuwa hayajatoka, basi weka 1997. Nilikirudisha cheti kwenye bahasha, nikapanda bajaji nikarudi mjini kukichapa upya kabla duka la kuchapa halijafungwa.